Kopo la Zeituni Kutoka Nkoaranga Hadi Terrat

Ndugu zangu wa Nkoaranga, pamoja na ninyi mnaokaa viti vya nyuma kanisani na kunong'ona ninapopita, habari zenu zimenifikia. Nasikia kwamba nilifukuzwa na wakwe kwa fimbo. Nasikia pia kwamba nimeapa kiapo cha Wagiriki, na kwamba nimembadilisha binti yangu kwa kopo la mafuta ya kondoo. Hilo la tatu lina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo nimeona niandike mwenyewe kabla halijaota mbawa. Someni taratibu. Anayetaka kucheka acheke, lakini afike mwisho.

Kabla ya safari

Mnajua kwamba nilipika miaka kumi na mmoja katika shamba la kahawa la Mgiriki kule bondeni. Msichojua ni kwamba nilipika vyungu viwili. Cha kwanza kilikuwa cha bwana mwenyewe, aliyependa kula kama Waingereza wa bomani: siagi, nyama ya nguruwe ya kukaanga, mayai matatu, na chupa pembeni. Cha pili kilikuwa cha mama yake, bibi kizee tuliyemwita Kiria. Yeye alikula mnafu uliochemshwa na kukamuliwa limau juu yake, dengu, maharage na kitunguu, mkate mkavu, samaki mdogo mara moja kwa wiki, na juu ya kila kitu mafuta ya zeituni. Jumatano na Ijumaa hakugusa nyama wala maziwa. Nyama aliila siku ya sikukuu, tena kipande kidogo, kisha akatembea katikati ya mikahawa akitugombeza wote kwa zamu. Sisi wa jikoni tulimcheka. Tukasema mzungu gani huyu anayekula kama mbuzi.

Bwana alizikwa. Mama yake akasimama kaburini kwa miguu yake mwenyewe, ana umri ambao hata yeye hakuwa na hakika nao.

Mwaka uliofuata kaka yangu Ndetaulwa, mnayemkumbuka kwa kicheko chake, alianguka kwenye sherehe ya ubatizo, bakuli la mafuta ya supu bado liko mkononi. Hakuinuka tena. Mimi wakati ule nilikuwa nahema nikipanda njia ya kutoka mtoni kwetu, njia ambayo zamani nilikuwa nikiipanda na gunia la kahawa kichwani. Daktari alinifunga kitambaa mkononi, akasikiliza, akasema damu yangu inasukuma kwa nguvu mno, nipunguze mafuta ya nyama, chumvi na tumbo. Hakusema nile nini. Nilishuka hadi kwa Kiria nikamweleza. Alinitazama, akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani: "Wewe miaka kumi na moja pika dawa, hapana kula." Akanipa kopo la zeituni.

Basi nikaanza. Mnafu, maharage, limau, ndizi za kuchoma, maziwa ya mgando na asali, kutembea kila asubuhi. Nyama nikaiacha kwa sikukuu. Mkanibandika jina, Mgiriki Mweusi. Mkasema mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi sikupasuka. Nilipungua, nikaacha kuhema, na mshipi wangu ukaongezwa matundu mawili kwa msumari.

Sasa Lemburis, kijana wa Kiarusha anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche cha Idara ya Misitu, Olmotonyi, alivunjika mkono akaletwa hospitali yetu, na binti yangu Eliakunda ndiye aliyekuwa akiwapelekea wagonjwa uji. Mkono ulipona, posa ikaletwa. Watu wake walikuja kwetu mara mbili. Ilikuwa zamu yangu kwenda kwao Terrat, nipokelewe, na undugu ufungwe. Bila hiyo safari hakuna ndoa. Kwa desturi nilipaswa kufuatana na ndugu zangu wawili, lakini walikataa. Walisema nitawaaibisha mezani. Mama Eliakunda naye aliniuliza swali moja tu nikiwa mlangoni, kama nitakula nitakachopewa. Nikamjibu kwamba nitaoza binti bila kujizika. Hakulipenda jibu hilo, ila alinifungia maharage yangu ya kitunguu na limau kwenye bakuli la bati, na kopo la zeituni, ambalo Kiria alikuwa amenijazia tena.

Nkoaranga hadi Tengeru

Nilitoka jua likiwa changa na njia ikiteleza kwa mvua ya usiku. Kushuka hakukunitisha. Nilitembea nikiimba, na mnajua sauti yangu, kwa hiyo watu wa kando ya njia walikuwa wanatoka kutazama kuna nini.

Tengeru nilitegemea kupata lori mapema, lakini dereva alisubiri ndizi zijae, na ndizi zilichelewa kwa sababu ya utelezi uleule. Nikakaa chini ya ukuta wa duka. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa kwetu Umeru, mguu mmoja umevimba, ameufunga kwa jani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nimebeba nini kwenye kopo lile zuri. Nikasema ni mafuta ya zeituni.

Yule bibi alivua kitambaa cha kichwa, akainamisha kichwa mbele yangu, akangoja.

Mimi sikuelewa. Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu. Mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akipakia ndizi zake lorini aliponiambia kwa ukali, "Baba mwinjilisti, mpake basi, unamngojesha nini?" ndipo nilipotambua. Mizeituni tunaijua sote kutoka Maandiko, na hakuna mwenzetu aliyewahi kuona mafuta yake yakimwagwa juu ya maharage. Nilijaribu kueleza kwamba mimi si mwinjilisti, kwamba haya nayala. Bibi akainua macho, akauliza kwa upole, "Unakula mafuta ya kupaka wagonjwa?"

Ningefanya nini? Nilimmiminia viganjani, akajipaka mwenyewe mguuni, akasali sala ndefu iliyonitaja na mimi. Wakaja wengine wanne, mmoja na jino, mmoja na mtoto mwenye kikohozi. Sikuwazuia. Nilisema wazi kila mara kwamba ni chakula, wakaitikia kila mara "Amina". Lori lilipopiga honi, kopo lilikuwa limepungua robo.

Tengeru hadi mjini

Tulipanda juu ya ndizi, watu kama kumi. Kabla ya Nduruma lori lilizama kwenye tope hadi ekseli. Dereva, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi, aliteremka, akazunguka mara mbili, akasema spring inalia na magurudumu hayashiki, nani ana mafuta. Macho yote yakanigeukia mimi. Habari za kopo zilikuwa zimepanda lori pamoja nasi.

Nilikataa. Nilisema zeituni si ya spring. Dereva akasema mafuta ni mafuta, na kwamba mimi pekee ndiye ninayewachelewesha abiria wote kwa uroho wa tumbo. Mzee mmoja akaongeza kwamba kama mafuta haya yanaponya miguu ya watu, hata lori ni mguu. Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kopo nililikumbatia. Nikawaambia ninyi watu wa mgombani mnakaa juu ya ndizi mnaomba mafuta. Nikashuka, nikaomba panga, nikakata magogo ya migomba yaliyokuwa kando ya barabara, tukayalaza chini ya magurudumu, tukasukuma. Nilisukuma kama wengine, na sikuhema kuwazidi. Kule Nkoaranga kuna watu wanaosema chakula changu ni cha kuwafanya watu wawe dhaifu. Laiti watu hao wangekuwepo.

Lori lilitoka. Lakini katika kusukuma kule kopo nililiweka chini, na mtu akalipiga teke. Nilipoliokota, mafuta yalikuwa yamebaki nusu, na tope la Nduruma limepata chakula cha Kigiriki.

Tulipumzika hapo ili dereva afunge kamba. Nikafungua bakuli langu. Mwanamke wa ndizi akaonja maharage, akatafuna, akafikiri, akasema hiki ni chakula cha mgonjwa. Nikamwambia ni kweli, na mgonjwa amekutolea lori lako topeni. Akala tena. Bakuli lilirudi kwangu likiwa tupu, limau nalo limelambwa.

Mjini Arusha

Nililala kwa mtoto wa shangazi yangu, ng'ambo ya mto Themi, na asubuhi nikaenda kutafuta mafuta ya kujazia. Nilijua duka moja la Wazungu lililokuwa na makopo kama langu dirishani. Nikaingia kwa mlango wa mbele kwa sababu ndio uliokuwa wazi.

Karani nyuma ya meza alikuwa Mwafrika mwenzangu, amevaa shati jeupe na kalamu mfukoni. Nilimwonyesha kopo. Akanyoosha mkono akaomba cheti cha bwana wangu. Nikasema sina bwana. Akauliza basi nimetumwa na nani.

"Nimetumwa na tumbo langu," nikamwambia.

Akashusha sauti, akanisihi kwa Kiswahili kizuri nisimtie matatani. Mafuta yale, alisema, huuzwa kwa Wagiriki na kwa madaktari, na Mwafrika huyachukua kwa cheti tu. Kulikuwa na mama wa Kizungu akichagua biskuti. Akageuka, akaniuliza kwa upole kabisa kama mpishi wa nyumba fulani ni mimi, kwa maana alihitaji mpishi. Nikamwambia kwamba nilikuwa mpishi, na sasa ninakula. Hakuelewa, akatabasamu, akarudi kwenye biskuti zake.

Ningeweza kusema ninanunua kwa ajili ya Kiria. Ingekuwa rahisi, na karani angefurahi kuliko mtu yeyote. Lakini nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu kule nyumbani mnaniambia ninakula cha Wazungu, na pale Wazungu wakaniambia chakula hicho si changu. Sasa ni cha nani? Mnafu ni wa shambani kwangu, maharage nimeyapanda mwenyewe, limau liko nyuma ya choo changu, na mwili uliopona ni huu hapa. Nikamwambia karani aandike kwenye daftari lake kwamba Mmeru aliyekuja bila cheti ameondoka bila cheti. Nikatoka kwa mlango uleule na nusu kopo langu.

Hadi Olmotonyi

Kutoka mjini hadi Olmotonyi nilikwenda kwa miguu, Meru ukiwa mkono wa kulia, mawingu yamekalia kilele. Ilinichukua nusu ya siku kwa sababu kila aliyenisalimu alitaka kujua natoka wapi, naenda kwa nani, na kwa nini Mmeru anatembea peke yake upande huu na kopo. Sikumtaja Lemburis kwa yeyote. Nilisema ninapunga hewa.

Mshenga wetu, Lomayani, ni msimamizi wa kitalu kilekile anachofanyia kazi Lemburis. Nilimkuta kati ya safu za miche ya mivinje, akiinyeshea kwa kopo lenye matundu. Alinipeleka kwake, na mkewe akaleta loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa, na, pembeni, kibuyu cha maziwa ya mgando yaliyokolea na asali ya msituni. Nilikula nikashindwa kujizuia, nikasema kwa furaha kwamba hiki ndicho chakula cha Kigiriki hasa, Kiria alikuwa akila hivihivi kila asubuhi. Mke wa Lomayani akaweka mkono kiunoni. Alisema mama yake na bibi yake waligandisha maziwa kwenye kibuyu hicho kabla Mgiriki yeyote hajauona mlima huu, na kama kuna mtu ameiga, anamjua ni nani. Nikaomba radhi. Ni radhi pekee niliyoomba katika safari nzima, na aliistahili. Kisha akaomba mafuta kidogo ayajue, akayanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akajipaka nywele zote. Kopo likabaki na vidole viwili.

Baada ya kula Lomayani alinieleza yatakayokuwa Terrat. Mzee Loishiye, baba yake Lemburis, amechagua kondoo dume mwenye mkia mnene. Mafuta ya mkia yatayeyushwa, na kikombe cha kwanza ni cha baba wa binti. Anakinywa chote, mbele ya watu. Kabla hajakinywa hakuna anayekula, na asipokinywa hajaingia katika nyumba ile.

Nikamwambia sitakinywa. Akadhani natania. Nikamsimulia juu ya Ndetaulwa na bakuli lake. Lomayani ni mtu mwema. Alikwaruza tope kwenye buti, kisha akasema kuna njia. "Nitasema mimi. Nitasema ni mwiko wa ukoo wenu, kwamba Wameru wa ukoo wako hawanywi mafuta ya kondoo. Mwiko wa mtu hauulizwi."

Nilijua kwamba si kweli. Ukoo wangu umekunywa mafuta ya kila mnyama mwenye kwato. Lakini nilikuwa nimechoka kubishana na dunia, nikafikiri mara hii moja mtu mwingine abishane kwa niaba yangu, tena kwa uongo mdogo. Sikusema ndiyo. Nilinyamaza, na hapo ndipo nilipokosea.

Terrat

Siku iliyofuata tulirudi mjini, tukapata gari la ng'ombe hadi nusu ya njia, tukamalizia kwa miguu kwenye nchi kavu ya chini, miiba na vumbi, na mlima umebaki nyuma yetu mdogo. Walitupokea vizuri mno. Mzee Loishiye ni mtu mkubwa, kifua kama ghala, na anatembea kwa kuegemea fimbo kwa sababu magoti yamemchoka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkewe alitoka, akasimama mbali kidogo kwa heshima ya ukwe, akaniuliza habari za mama Eliakunda na za kahawa. Walikuwepo wazee wengine sita, na Lemburis nyuma yao, kijana wa watu, hajui atazame wapi.

Wakasali, maana ni Walutheri kama sisi. Kikaja kikombe cha bati, kimejaa, mafuta yanang'aa, yana moto. Mzee Loishiye mwenyewe alikibeba. Lomayani akasimama upesi, akasema alichoniahidi kusema: mkwe anashukuru, anaheshimu, lakini mafuta ya kondoo ni mwiko wa ukoo wake tangu mababu.

Wazee wakaitikia kwa vichwa polepole. Hakuna aliyekasirika. Mzee Loishiye akakiweka kikombe juu ya kigoda, na kwa muda mfupi nilidhani imepita. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hii ilikuwa fupi kuliko zote nilizopita.

Mama wa nyumba alisema maneno kwa Kimaasai. Wazee wakageuka kumtazama. Akarudia kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Kama ni mwiko wa ukoo, basi ni mwiko wa binti pia. Siku akijifungua nitamnywesha nini? Hapa kwetu mzazi huinuka kwa mafuta ya kondoo. Nimewainua hivyo wake wa wanangu wote. Siwezi kumpokea mtoto wa watu halafu nimwache alale chini kwa sababu ya mwiko."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamwonea binti yangu huruma, na ndiyo iliyonichoma. Mzee Loishiye akainamisha kichwa, akasema taratibu kwamba basi ng'ombe wa mahari wabaki walipo, na watoto watafutiwe njia nyingine, kila mmoja kwake. Nilimwona Lemburis akifumba macho. Kule mlimani Eliakunda alikuwa anashona mto wa harusi.

Lomayani alinivuta shati nikae. Nilisimama.

Nikawaambia hakuna mwiko. Nikawaambia mshenga amesema uongo kwa wema, na mimi nimeunyamazia kwa uvivu, na aibu ni yangu. Nikasema ukoo wangu unakunywa, binti yangu yuko huru kunywa, mama yake alikunywa akamzaa. Nisiyekunywa ni mimi. Nikawasimulia vyungu viwili vya jikoni kwa Mgiriki, na kaka yangu, na kitambaa cha daktari, na njia ya mtoni ninayoipanda sasa nikiimba. Nilisema kondoo wao nitamla, kipande cha ubavu cha kuchoma, kwa maana leo ni sikukuu na hata Kiria hula nyama ya sikukuu. "Lakini kikombe hiki sikinywi. Nimekuja kutoa binti. Sikuja kutoa na mwili wangu."

Mzee Loishiye alinitazama kwa macho madogo.

"Kwa hiyo hakuna aliyekukataza," akasema.

"Hakuna. Nimejikataza."

"Mtu aliyekatazwa na ukoo namwelewa. Aliyejikataza mwenyewe ni mkaidi."

"Ni kweli, mzee."

"Na binti yako?"

"Amerithi," nikasema. "Afadhali mjue mapema."

Mama wa nyumba alicheka. Alificha mdomo kwa shuka, lakini alicheka, na mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Mzee Loishiye hakucheka. Alikitazama kikombe kilichokuwa kinaanza kuganda ukingoni. Akasema kikombe kilichotolewa kwa mkwe hakirudi chunguni wala hakimwagwi. Lazima kinywewe na damu ya mkwe. Akauliza kopo langu lina nini. Nikasema lina mafuta vidole viwili, yamebaki kwa njia ya kurudi. Akamwambia mkewe alete maharage. Yalikuwepo, ya kuchemsha, ya watoto. Akayamiminia mafuta yangu yote, akala vijiko vitatu mbele yetu bila kusema ni matamu au mabaya, akawapitishia wenzake. Kisha akafuta kopo kwa jani, akalimiminia mafuta ya mkia, akalifunga kwa mkono wake.

"Mpelekee binti. Akinywa, ameingia. Akikataa, nitajua ni damu yako kabisa, na ng'ombe watabaki."

Kwao watu waliopeana kondoo huitana Paker, na kuanzia pale hawaitani tena kwa majina. Tulipokuwa tunaagana sikuitwa Paker. Aliniita Anaeli, kama siku ya kwanza.

Kurudi

Sitawachosha na njia niliyokwisha kuieleza. Mafuta yaliganda mjini. Tengeru nilimkuta tena yule bibi, mguu umepungua uvimbe kiasi, na sitaki kusema ni kwa nini maana mimi si mwinjilisti. Aliomba tena yale ya zeituni. Nikamfungulia, akanusa mafuta ya kondoo, akasema kwa kuridhika kwamba safari hii nimeleta dawa yenyewe. Nilimnyima. Lilikuwa kopo la mtu.

Njia nzima kutoka Tengeru hadi nyumbani nilikuwa natunga maneno. Nilitaka kumwambia Eliakunda asinywe. Nilitaka kumwambia kwamba tumeshazika mmoja, kwamba mwanamume anayempenda ataweza kuja bila kikombe, kwamba baba yake amesimama mbele ya wazee sita na hakuinama. Nilitaka niwe na mkaidi mwenzangu nyumbani kabla hajaondoka.

Alikuwa uani akianika kahawa. Nilimweleza yote, na uongo wa mwiko, na maneno ya mama mkwe wake. Nikamwekea kopo juu ya benchi, na kabla hajaligusa nikaanza yale maneno yangu. Aliniacha nifike katikati.

"Baba," akasema, "ulienda hadi Terrat ili mtu asikuchagulie cha kula. Umerudi. Usinichagulie mimi."

Aliliweka kopo juani likayeyuka. Alikunywa akiwa amesimama, bila kupumzika, akafuta mdomo kwa kiganja, akaenda kumaliza kahawa yake. Mama yake aliangalia upande mwingine. Mimi niliingia shambani nikachuma mnafu, nikaukamulia limau bila mafuta maana sikuwa nayo, nikaula wote peke yangu.

Kopo tupu nililipeleka Terrat kwa mkono wa Lomayani. Juzi limerudi, limeoshwa, na ndani yake mna mbegu za mnafu na ujumbe mfupi wa Mzee Loishiye, ambao Lemburis aliuandika kwa niaba ya baba yake. Unaanza: Paker.